Sifuri ya Bwana Samaki

Mwaka wa sabini na nne, masika yalipokuwa yanaelekea ukingoni, serikali iligundua jambo ambalo watu wa Kwediziwa hawakulijua tangu enzi za babu zao: kwamba walikuwa wanaishi mahali pasipofaa. Kumbe! Watu wamezaliana pale kando ya ziwa, wamezikana pale, wamekula perege na kambale mpaka wamezeeka, na muda wote huo walikuwa wamepotea njia wasijue. Mahali panapofaa palikuwa kando ya barabara ya kwenda Segera, kwenye uwanda wa miiba, ambako kila familia ilikuwa imekwisha kupimiwa kiwanja na kuahidiwa bomba. Bomba lenyewe lilikuwa bado njiani, lakini kibao kilichoandikwa BOMBA kilikuwa kimesimikwa tayari. Magari ya kuhamisha watu yalikuwa yaje Jumatatu.

Isihaka mvuvi alikwenda kukiona kibao kile kwa macho yake. Alikizunguka mara mbili, akarudi nyumbani kwa miguu, mwendo wa saa tatu. Majirani walipomuuliza maji ya huko yakoje, alipangusa midomo akasema, "Matamu. Nimekunywa kibao kizima." Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Rehani, hakucheka, kwa kuwa kucheka hakukuwemo katika maelekezo aliyopewa.

"Huo mdomo wako," alisema mama yake Isihaka, Bibi Chausiku, "utakuhamisha kabla ya gari la serikali."

Lakini mzaha wa Isihaka ulikuwa wa mtu aliyeshikwa pabaya, na aliyemshika pabaya ni huyo huyo mama yake. Bibi Chausiku alikuwa haoni. Ukungu ulimwingia jicho la kulia miaka kumi iliyopita, ukahamia la kushoto, yakaisha. Ila ungefika Kwediziwa ukae wiki nzima usingejua. Alitoka mlangoni peke yake bila fimbo, akahesabu hatua arobaini na moja mpaka kwenye mkwaju, akaugusa, akapinda kushoto, hatua nyingine kumi na tisa, miguu ikawa majini. Alichota maji, aliosha samaki, na alijua mtumbwi wa nani unakuja kwa kusikia kafi tu. Habari ya kuhama aliisemea mara moja, na Isihaka hakuweza kuifanyia mzaha: "Hapa naona, mwanangu. Mkinipeleka barabarani, huko ndiko nitakakokuwa kipofu."

Basi Mungu si Athumani. Ndugu Rehani alirudi kutoka kikaoni Korogwe na habari kwamba kijiji chenye uzalishaji maalumu kinaweza kuachwa kilipo. Uzalishaji maalumu ni nini? Ni kile ambacho barabarani hakipo. Na Kwediziwa si wana samaki! Ila kusema mdomoni hakutoshi, akaeleza Rehani. Lazima aje mtaalamu, alale ziwani siku mbili, avuliwe samaki mbele ya macho yake, ahesabu, ajaze fomu, na fomu iwe mezani kwa kamati Jumamosi saa sita mchana. Isipofika, au ikifika haina samaki, Jumatatu watu wafunge mizigo.

"Wanakwenda kumhesabu samaki wanayemla kila siku hotelini Korogwe?" Isihaka aliuliza.

"Huyo hajasajiliwa," alijibu Rehani, na hakuwa anatania.

Mtaalamu alishuka Jumatano. Gari lililomleta liliondoka kabla hajamaliza kushusha mzigo, nalo halikuwa na kosa, maana wingu lilikuwa limekaa mlimani likisubiri. Alikuwa kijana wa miaka kama thelathini, Habakuki Semboja, mzaliwa wa milimani Usambara, Bwana Shamba wa kabichi na viazi. Bwana Samaki halisi alikuwa kozini, na ofisini waliona hakuna taabu, kwani kabichi na samaki vyote si vinataka maji? Basi Habakuki akapewa usamaki wa siku tatu. Alikuja na hema, mwavuli, buti za mpira, mzani wa kuning'iniza, na fomu ndani ya mfuko wa nailoni aliyoikumbatia kama mtu aliyebeba kichanga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Bwana Samaki. Unajua kuogelea?"

"Hapana, mzee."

"Vizuri sana. Hutajichosha bure."

Fomu yenyewe ilikuwa ya ajabu. Ilikuwa imekwisha kutiwa sahihi na kugongwa muhuri kabla haijaandikwa neno, kwa sababu muhuri hauruhusiwi kutoka ofisini na mwenye sahihi alikuwa anakwenda likizo. Chini kabisa ilibeba onyo kwa herufi kubwa: FOMU ILIYOFUTWAFUTWA HAITAPOKELEWA. Habakuki alimsomea Isihaka onyo lile mara mbili. Alikuwa mtu wa kusoma maonyo.

Waliingia mtumbwini mchana. Hawajafika hata katikati, mvua ikaanza, ile ya manyunyu yasiyo na haraka, inayoshuka kutoka Usambara na baridi yake mkononi. Habakuki akafungua mwavuli. Upepo nao ukauona, ukaufurahia. Mtumbwi ukageuka kichwa ukaanza kurudi nyumbani wenyewe.

"Bwana Samaki!" Isihaka alipiga kelele, kafi likimponyoka. "Funga hilo tanga lako! Tunakwenda Mkumbara au tunakwenda kuvua?"

Mwavuli ukafungwa. Habakuki akaketi ameshika kingo mbili za mtumbwi, maji yakimtiririka shingoni, midomo ikimtetemeka. Wala hakulalamika. Hilo lilimkera Isihaka zaidi kuliko angelalamika, maana majibu alikuwa ameyaandaa.

Ng'ambo walishuka kwenye ufuko wenye matete. Isihaka alitega nyavu mbili na kutumbukiza migono kumi, ile mitego ya fito iliyosukwa kama tenga refu. Habakuki alitafuta mahali pa hema. Kitabu cha hema kilisema pawe tambarare, pakavu, pasipo mawe. Pakavu hapakuwepo wilaya nzima, lakini tambarare aliipata, tena nzuri, imelainishwa kabisa.

"Hapo pana mwenyewe," alisema Isihaka.

"Nani?"

"Kiboko. Hiyo ni barabara yake ya kwenda malishoni."

"Kitabu kinasema tambarare, mzee."

"Sawa. Ukimwona, msomee."

Moto ulikataa kuwaka mpaka Isihaka alipopasua upinde wa mgono mmoja uliochakaa. Wakachemsha maji. Isihaka akatia majani ya chai, na Habakuki akaomba yake yabaki maji matupu, chai hanywi. Akapewa sigara, havuti. Asubuhi yake kiboko alirejea kutoka malishoni kwa barabara yake, hana wasiwasi na mtu, akakuta hema, akapita nalo. Bahati nzuri Habakuki alikuwa ametoka kusali vichakani. Alirudi akaona hema linaelea katikati ya ziwa, limevimba upepo, likienda zake.

"Limehamia mahali panapofaa," alisema Isihaka.

Habakuki alitazama ziwa, akatazama mguu wa kiboko uliojichora penye mto wake wa kulalia, halafu akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, baridi yote ile, nguo zimemganda. Isihaka alijikuta anampenda kidogo. Alijizuia mara moja, maana mtu hampendi karani kabla ya kuona alichoandika.

Alhamisi ile wakavuta nyavu. Tupu. Baridi inapozidi perege hushuka chini kabisa kwenye matope, anatulia huko, hata umwimbie hatoki. Mvuvi yeyote anajua. Isihaka hakujali, kwa sababu migono ilikuwa mizito. Kambale! Weusi, wanene, masharubu kama ya askari wa zamani, wengine urefu wa mkono mzima. Kumi na mmoja siku hiyo. Habakuki akawaning'iniza mmoja mmoja kwenye mzani, akawageuza, akawapima kwa rula, akaandika kwenye fomu huku ameikinga kwa koti. Isihaka akambanika mmoja, mafuta yakidondoka motoni, akamkatia Bwana Samaki kipande kinono cha mgongo.

"Ahsante, mzee. Huyo sili," alisema Habakuki, akatoa kiazi cha kuchemsha mfukoni. Alikuwa Msabato, akaeleza, na wao huwala samaki wenye mapezi na magamba tu.

Isihaka hakuona neno. Kila mtu na mwiko wake. Yeye mwenyewe nguruwe hamgusi, na huko kwao kuna ukoo mzima usiokula kanga. Aliona tu huruma kwamba mtu anaweza kukaa mvuani siku mbili kwa kiazi baridi na maji ya moto, halafu akaitwa Bwana Samaki. Usiku huo wakaupindua mtumbwi juu ya mawe, wakalala chini yake migongo imegusana, blanketi moja, mvua ikipiga ubao juu ya vichwa vyao.

Ijumaa migono ilitoa wengine ishirini na watatu. Jumla thelathini na wanne! Isihaka alikuwa ameshaanza kuimba. Thelathini na wanne katika baridi ya kuuma meno, katika mvua, bila perege hata mmoja! Kiangazi je? Kamati ingesema nini? Alasiri wakapakia, Habakuki akaketi mbele, na alipoinama kufunga buti mfuko wa nailoni ukamwangukia Isihaka miguuni. Isihaka alikuwa amehitimu kisomo cha watu wazima na cheti anacho. Akaweka kafi, akasoma kwa kidole.

IDADI YA SAMAKI WA CHAKULA WALIOPATIKANA: 0.

Sifuri nzuri, kubwa, ya duara, imepakwa wino kwa utulivu. Chini yake: VIUMBE WENGINE WA MAJINI: wapo.

"Bwana Habakuki." Sauti ya Isihaka ilikuwa ya upole sana, na wanaomjua wangeshuka mtumbwini. "Hii ni nini?"

"Ni sifuri, mzee."

"Naijua sifuri. Tulifundishwa siku ya kwanza. Nauliza hawa waliojaa mtumbwini, wanaonipiga mikia miguuni, hawa ni nini? Ni wageni? Wanasubiri gari?"

Habakuki alikuwa amegeuka, maji yakimchuruzika puani. Hakuwa na uso wa mtu mbaya. "Mzee wangu, swali limesema samaki wa chakula. Mimi kambale sijawahi kumhesabu kuwa chakula, na mama yangu hakumhesabu. Nikiandika ni chakula nimeshuhudia jambo nisiloliamini. Siwezi kusema uongo kwenye karatasi ya serikali."

Yarabi! Isihaka angefurahi kama nini kukutana na mwongo. Mwongo unampelekea perege wawili nyumbani, mambo yanakwisha. Mkweli utamfanyaje?

"Nguruwe unamla?"

"Mungu apishie mbali!"

"Mimi pia simli. Sasa nguruwe pori akiingia shambani kwangu akamaliza mahindi, nikaja ofisini kwako, Bwana Shamba, nikuambie nini? Kwamba mahindi yamejihamisha yenyewe kwenda barabarani? Simli, lakini nikimwona nasema ni nguruwe! Nahesabu ni wangapi! Hukuulizwa wewe unakula nini, wewe! Watu mia na hamsini wanamla huyu. Kuna mtu anahamishwa kwa sababu tumbo lako wewe halina nafasi?"

Mtumbwi uliyumba. Habakuki aliwatazama kambale. Mmoja alikuwa anafumbua na kufumba mdomo.

"Una hoja, mzee," alisema mwishowe, taratibu. "Nimekosea. Wanaliwa. Hiyo ni kweli, hata kama si kwangu. Tukifika pakavu nitaandika pembeni: kambale thelathini na wanne, chakula cha wenyeji."

"Andika sasa."

"Karatasi itaoza kwa mvua. Ila tuwahi, mzee. Leo ni Ijumaa. Jua likitua Sabato inaingia, na mimi siandiki tena mpaka kesho jioni."

Kesho jioni! Kamati inakaa kesho saa sita mchana! Isihaka alishika kafi. Tangu azaliwe hakuwahi kupiga kafi namna ile. Mabega yaliwaka moto, mvua ikamwingia machoni, mtumbwi ukapasua maji mpaka Habakuki akaanza kusali kwa sauti. Mbingu zilikuwa zimejifunika blanketi la kijivu kila upande. Jua halijaonekana tangu Jumatano, na saa ya Habakuki ilikuwa imekunywa maji ikasimama kwenye saa tano ya siku isiyojulikana.

Walipokaribia ufuko wa nyumbani Habakuki aligeuka. Alikuwa ameshatoa kalamu, ameishika kwapani isilowe.

"Mzee, nyinyi mnajua nyakati kwa ajili ya swala. Niambie wewe. Jua limetua?"

Hapo ndipo Mungu alipomjaribu Isihaka. Maana alijua. Miaka arobaini na mitano ya Magharibi haimpotezi mtu, hata mvuani. Lilikuwa limetua, tena si punde. Na neno "bado" lilikuwa fupi tu, silabi mbili, na lingemwacha mama yake na mkwaju wake mpaka kufa. Akafungua mdomo.

"Isihakaaa!" Sauti ya Bibi Chausiku ilitoka ufukoni, nyembamba na kali. Alikuwa amesikia kafi. "Magharibi hiyo imeingia! Ndege wameshalala, wewe unacheza na maji! Njoo uswali!"

Habakuki akafunika kalamu, akaitia mfukoni. "Ahsante, bibi," alisema kwa heshima zote.

Ala! Isihaka alitamani kulia. Alimtazama mama yake aliyesimama maji yakimfika vifundoni, analowa, anatabasamu kwa kuwa mwanawe amerudi salama, na hana habari amefanya nini.

Giza la wingu lilikuwa limeanza kutanda na njia ilikuwa tope tupu. Habakuki alipiga hatua mbili na buti zake, chini. Akainuka, akaanguka tena. Bibi Chausiku akaufuata mshindo ule, akanyoosha mkono, akamshika.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nifuate mimi. Hapa inua mguu, pana mzizi. Hapa bana kushoto, pameoza." Akamwongoza hivyo mpaka kwenye mkwaju, akaupigapiga shina mara mbili kama mtu anayemsalimu shoga yake, akapinda, akamfikisha mlangoni hana hata goti lililochubuka.

Ndani Mwaija, mkewe Isihaka, alikuwa amewasha moto na kupika uji. Habakuki aliketi anatetemeka, akapokea bakuli, akataka kumpisha bibi kigoda. "Keti hapa, bibi." Akamwonyesha kwa kidole. Bibi Chausiku hakugeuka. Akaonyesha tena. Ndipo alipomtazama usoni kwenye mwanga wa moto, akayaona macho yale meupe.

"Mzee," alimnong'oneza Isihaka, "bibi haoni?"

"Anaona," alisema Isihaka. "Anaona mpaka Jumatatu."

Habakuki akashika uji wake bila kunywa, mpaka ukaota ngozi juu. Baadaye aliweka bakuli chini, akatoa fomu kwenye mfuko wake, akailaza mezani. Akatoa na kalamu, akaiweka juu ya fomu, akaisogeza kidogo ikae sawa.

"Mimi nimeingia Sabato," alisema, anautazama ukuta. "Siandiki, na wala sitaki kujua nani anaandika. Naenda kusali uani, na nikisali hufumba macho. Nasali kirefu, mzee."

Akatoka. Isihaka akabaki na fomu ya serikali, sahihi ya serikali, muhuri wa serikali, na cheti cha kisomo ukutani kikimtazama.

Haya. Sifuri ile ataifanyaje? Kuifuta haiwezekani, onyo lilikuwa pale chini kwa herufi kubwa. Kuandika maelezo pembeni ni kazi ya wasomi. Mwandiko wake ungeonekana kuku amepita, na fomu ingerudishwa. Lakini tarakimu ni tarakimu, haina kwao. Na mwalimu wao wa kisomo alikuwa amewaambia siku ile ya kwanza: sifuri peke yake ni bure, mpe mwenzake wa kukaa mbele yake uone inavyopata heshima. Isihaka akaona njia. Akiandika tatu mbele ya sifuri anapata thelathini. Thelathini! Karibu sana na ukweli, hata malaika asingeandika dhambi.

"Andika hiyo tatu," alisema Mwaija, aliyekuwa anachungulia begani.

Angeandika, yakaisha. Lakini thelathini si thelathini na nne. Isihaka alikuwa amekaa mvuani siku mbili, amelala chini ya mtumbwi, kambale wake wameshafanywa viumbe wengine, halafu tena apunjwe wanne? Na nani? Wamemhesabia bomba lisilokuwepo, wao! Hasira ilimpanda upya. Akaandika tatu. Akaandika nne. Sifuri ya Bwana Samaki ikakaa nyuma yao kwa adabu.

340.

"Hizo nyingi," alisema Mwaija.

"Serikali haipendi vitu vidogo," alijibu Isihaka, akacheka peke yake.

Jumamosi alfajiri Ndugu Rehani alifunga fomu kwenye keria ya baiskeli akaenda nayo Korogwe. Habakuki alishinda uani na Sabato yake, Jumapili akaaga. Alimshika Bibi Chausiku mikono yote miwili. Wiki hiyo hiyo aliwatumia gunia la viazi kwa basi. Jumatatu ikafika, watu wakakaa milangoni wanasikiliza. Gari halikuja. Jumanne halikuja. Jumatano ikaletwa barua kwamba Kwediziwa imesajiliwa papo hapo ilipo, kijiji cha uvuvi. Wanawake walipiga vigelegele mpaka ng'ambo, na Isihaka akabebwa mabegani, akatoa hotuba ya kukishukuru kibao cha bomba. Bibi Chausiku alikwenda zake majini, arobaini na moja, kumi na tisa, akakaa huko mpaka alasiri.

Wiki ya pili magari yakaja. Yalikuja yamejaa.

Kumbe kamati ilikuwa na watu wanaojua hesabu. Samaki mia tatu na arobaini kwa siku mbili, tena za mvua! Ziwa lenye neema hiyo kuliachia kaya thelathini ni ubinafsi, ni mambo ya kibepari. Basi familia mia mbili kutoka uwanda wa Handeni, watu wa mahindi na mbuzi, ambao hawajapanda mtumbwi tangu wazaliwe, walishushwa Kwediziwa na vitanda vyao, na kuku wamefungwa miguu, na watoto wanalia. Nyuma yao akaja mpimaji na kamba na vigingi. Kijiji cha mfano hukaa kwa mistari. Mstari wa kwanza ufukoni, wa pili nyuma yake, wa tatu, hivyo hivyo mpaka kilimani. Nyumba ya Isihaka iliangukia sawasawa kwenye mstari wa tatu, ikasamehewa. Mkwaju ulisimama katikati ya mstari wa pili.

Isihaka alimkimbilia Ndugu Rehani. "Mti ule usikatwe! Na hawa watu wote watakula nini? Ziwa hili halina samaki wa kuwatosha!"

Rehani akafungua jalada, akatoa fomu. Hakuwa anamtega, aliuliza kwa nia njema kabisa. "Hapa pameandikwa mia tatu na arobaini, Isihaka. Wewe ndiye uliyevua. Sio hao? Maana kama sio hao, hatuna sababu ya kuwa hapa. Nitapeleka taarifa leo hii, magari bado yapo."

Magari yalikuwa pale, yamewashwa. Isihaka akayatazama. Akamtazama mpimaji aliyekuwa anamwonyesha mtu mwenye shoka mahali pa kuanzia.

"Ndio hao," alisema.

Mti ule ulichukua asubuhi nzima kuanguka. Isihaka aliwaambia watu wa nyumbani wasimruhusu bibi kutoka, maana kuna vurugu, kuna mashimo, na bibi alikubali. Alikaa ndani siku sita anasikiliza shoka, nyundo na lugha za watu. Siku ya saba kulipokucha alichukua ndoo yake kama kawaida, akatoka kabla hawajaamka.

Isihaka alishtuka usingizini, akamwona kutoka mlangoni. Alikuwa anatembea wima, haraka, ndoo mkononi. Hatua ya arobaini na moja akanyoosha mkono, mkono ukagusa hewa. Akasimama. Akasogea kidogo, akapapasa tena, huku na huku, chini mpaka kwenye kisiki. Kisha akapinda kushoto vile vile, akaanza kuhesabu kwa sauti, na kwenye hatua ya tisa akagonga ukuta wa udongo mbichi. Mtoto akalia ndani.

"Bibi, unamtafuta nani?" sauti ya mwanamke mgeni iliuliza.

"Nalitafuta ziwa," alisema Bibi Chausiku.

Isihaka alikuwa ameshafika, amemshika kwapa. Tangu ukungu umfunge macho hakuwahi kumshika mama yake hivyo, na mama yake hakuwahi kuruhusu. Sasa aliruhusu. Alipitisha kiganja juu ya ukuta ule polepole, udongo ukamkaa vidoleni.

"Kumbe tulishahama, mwanangu," alisema. "Mbona hukuniambia?"

Isihaka alichukua ndoo kutoka mkononi mwake, wakageuka kutafuta mlango wao kwenye mstari wa tatu.